Afishi za Sinema na Birika Moja la Maji

Mwezi uliopita nilialikwa harusini Kajaga, katika mojawapo ya zile hoteli za ufukweni zilizoota huko kama uyoga, na nilipokuwa kwenye foleni ya kunawa mikono nikaiona. Ilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya kioo, ina taa yake ndogo peke yake: afishi, kama tulivyoyaita sisi matangazo ya sinema ya karatasi. Mwanamume mwenye kofia pana ameshika bastola, nyuma yake anga jekundu, juu maneno ya Kifaransa na chini ya Kiflemi. Mhudumu aliniona nimeganda, akanieleza kwa majivuno kwamba patroni, mwenye hoteli, aliinunua Ubelgiji, kwamba ni kitu adimu, na kwamba katika Burundi nzima hakuna mwingine aliye nayo. Nikacheka. Nilicheka vibaya, rafiki yangu, mpaka mawifi wakageuka kuniangalia, kwa sababu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilikuwa nazo arobaini na moja. Nilivyozipata nitakusimulia leo, ingawa hukuniuliza.

Nilikulia Buyenzi, kwa Bibi, mama wa mama yangu. Kama hujawahi kuishi Buyenzi hujui kelele ni nini. Asubuhi ilianza kwa adhana, zikafuata nyundo za mafundi wa magari waliokuwa wakinyoosha mabati barabarani, kisha Bibi akaanza ugomvi wake na makaa. Alikuwa akikaanga mandazi ya kuuza, na harufu ya mafuta na iliki iliingia mpaka kwenye daftari zangu. Mwalimu alikuwa akiinusa kazi yangu kabla ya kuisahihisha. Mimi nilikuwa na shughuli tatu: kuchekecha unga, kuchambua maharage, na kuteka maji. Ya maji niliichukia. Robine, bomba la mtaa wetu, ilitoa maji ilipojisikia, na foleni ya mabidoni, madumu yetu ya maji, ilianza kabla ya jua kuchomoza, kila bidoni na jiwe lake juu ili mtu asiisogeze.

Karibu na soko palikuwa na ubao mkubwa wa sinema ya mjini. Mwenye kazi ya kuubandika alikuwa mzee mmoja mfupi wa mtaa wetu, ambaye watoto tulimwita Mzee wa Gundi. Kila ilipokuja filamu mpya, naye alikuja na ndoo ya uji mzito wa unga wa muhogo alioupika mwenyewe, brashi yake, na afishi kwapani. Hakubandua ya zamani hata siku moja. Alibandika mpya juu yake, akaipapasa kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, kama anayelaza mtoto, kisha akaenda zake. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Mvua ilichukua yake na mbuzi walikula zao, maana mbuzi wa Buyenzi walijua kabisa kwamba nyuma ya kila mcheza sinema kuna muhogo, lakini zilizobaki zilirundikana. Ukiutazama ubao ule ubavuni, ulikuwa na unene wa chapati kumi zilizopangwa.

Na lugha zake! Sinema ile ilichukua filamu popote ilipozipata, basi afishi zilitufikia kutoka dunia nzima. Kulikuwa na za Kihindi, herufi zimening'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba. Kulikuwa na za Kiitaliano na za Kichina. Kulikuwa na za Kiarabu kutoka Misri, ambazo Bibi alizipitia kwa heshima kubwa mpaka siku alipotazama vizuri mwanamke aliyechorwa chini ya maandishi yale amevaa nini. Za Kiflemi ndizo zilizotuchekesha. Tulizisoma kwa sauti kooni, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa ndagala, tukagaagaa chini kwa kicheko.

Mzee wa Gundi alinipenda kwa sababu nilikuwa nikimshikia ndoo. Alikuwa na msemo wake: "Afishi ya leo inalalia ya jana, na ya jana haijakufa." Siku moja aliniambia kwamba ile ya chini kabisa, aliyoibandika siku yake ya kwanza kazini, ni ya Kihindi, mwanamke mwenye nguo nyekundu anacheza ngoma. "Ile wino watu hawaitengeneze tena," alisema. "We mutoto, mi nikikufa ndiyo utaiona." Tangu siku hiyo sikuupita ubao ule bila kumfikiria yule mwanamke kule chini gizani. Nilimtaka. Sijui nikueleze vipi mtoto anavyoweza kutaka kitu. Nimeolewa, nimezaa, nimejenga nyumba, na sijapata kutaka kitu tena kwa namna ile.

Kisha vita vikaja. Sitakueleza vita, waelezaji ni wengi na kila mmoja ana vita vyake. Kwetu vilifika kama milio kutoka upande wa Kamenge na Kinama, kama bei ya sukari, kama watu waliotoka asubuhi wasirudi. Sinema ilifungwa. Mzee wa Gundi alivuka kwenda Uvira kwa dada yake, akafia huko, na ndoo yake ilibaki uani kwake mpaka mtu akaiiba. Hapo ndipo sisi watoto tulipogeuka wezi wa kuta. Wengine walikusanya vizibo vya soda, wengine maganda ya risasi. Mimi nilikusanya afishi, nikizibandua kwenye kuta za maduka yaliyofungwa, na nilikuwa hodari kuliko wavulana wote, kwa sababu wao walivuta.

Afishi haivutwi. Unailowesha kwa maji baridi, maana ya moto yanatoa rangi. Unaiacha mpaka gundi ya muhogo irudi kuwa uji. Unaanza kwenye kona kwa mgongo wa kisu, si kwa makali, na unapofika kwenye uso wa mtu unapunguza pumzi. Maji yakishakuwa meupe unayamwaga na kuweka mengine. Kwa hiyo nilihitaji maji, siku zote nilihitaji maji, na nilikuwa nikiyaiba kidogokidogo kwenye mtungi wa Bibi na kumsingizia joto.

Bibi hakutaka kuziona ndani. "Malaika hawaingii mu nyumba yenye sura za watu," alisema, na hilo halikuwa na mjadala. Nikazihamishia kwenye kachumba ka makaa kule uani, mahali ambapo malaika hawakuwa na shughuli, nikazianika kwenye kamba. Mwalimu naye alikuwa na sheria yake: atakayekamatwa na afishi darasani anyang'anywe. Tulimwona ni adui wa furaha, mpaka siku nilipotumwa barua nyumbani kwake Mutanga Sud, nikakuta sebule yake imepambwa kwa adhabu zetu zote, ukuta hadi ukuta, na ya kwangu ya Kichina iko juu ya redio. Aliona haya kidogo. Akaniambia kwamba Ulaya kuna watu wazima wanaozikusanya na kuziweka kwenye vioo. Niliporudi kuwaambia wenzangu walisema mwalimu amechanganyikiwa kwa sababu ya vita.

Kinama ilipokuwa haikaliki tena, Bibi alimpokea mwanamke mmoja kijana aliyetoka huko kwa miguu, kitenge kimoja, sufuria moja, na mtoto wa kike wa miezi minane mgongoni. Mumewe hakujulikana alipo. Bibi alimpa chumba cha nyuma, cha matofali matupu yasiyopigwa lipu, ambako upepo uliingia na kutoka bila kubisha hodi. Mwanamke yule alikuwa na neno moja mdomoni. Ukimpa chumvi, "Merci." Ukimpa kaa la moto, "Merci, Imana ibahezagire," Mungu awabariki. Ukimpisha njiani, "Merci." Nilikuwa nikimwigiza mbele ya wenzangu, nikiinamisha kichwa kama yeye, na walikuwa wakicheka sana.

Mtoto wake sikumpenda. Ningependa kukuambia kwamba nilimpenda, lakini tumefikia umri wa kusema kweli. Alikuwa na meno mawili ya chini na alilia mchana kutwa. Siku moja mama yake alimkalisha karibu nami wakati naanika, naye mtoto akaikamata afishi ya Kiitaliano, akaitafuna kona. Nilimfinya pajani, kwa kucha. Akalia, mama yake akaja mbio, nikasema ameumwa na sisimizi. "Merci kwa kumuangalia," akaniambia.

Siku zile vijana wenye nguvu walikuwa wakitangaza mji ufe. Ville morte, ndivyo tulivyosema wote, hata asiyejua neno jingine la Kifaransa: hakuna soko, hakuna gari, hakuna kutoka, na anayetoka atajua mwenyewe. Kiangazi kile walitangaza siku tatu, na robine ilikuwa imekauka tangu juma lililotangulia. Vumbi lilikuwa limetuingia mpaka kwenye meno. Mtoto wa yule mwanamke, jirani yetu wa chumba cha nyuma, alikuwa ameshikwa na macinya, kuhara kule kulikowamaliza watoto wengi mwaka ule, na hapakuwa na njia ya kumfikisha zahanati.

Asubuhi ya siku ya kwanza nilichungulia kwenye tundu la ua nikawaona vijana wakiung'oa ubao wa sinema ili wafunge njia. Mbao zilikuwa zimeoza kwa nyuma. Walipozivuta, karatasi zilibanduka zote pamoja, gamba moja zima, likaangukia mtaroni, nao hawakulijali. Nilisubiri. Saa sita walikwenda kula, maana hata wauaji hula, na mimi nikatambaa mpaka mtaroni, nikaliburuta gamba lile kwa mikono miwili kama mtu anayeburuta gunia la makaa. Nikaliingiza kwenye kachumba ka makaa. Kule chini, upande ulioshika ubao, alikuwepo yule mwanamke, uso wake kwenye giza, na mimi ndiye niliyekuwa naye.

Alasiri Bibi aliniita. Nyumba nzima ilikuwa imebakiwa na bidoni moja ya lita ishirini, nayo haikujaa. Bibi, ambaye alikuwa akitawadha kwa udongo siku hizo ili asipoteze tone, alijaza kibidoni cha lita tano mpaka shingoni, hakumwaga hata kidogo. "Pelekea jirani," alisema. "Umwambie achemshe, atie chumvi kidogo na sukari, ampe mutoto kijiko kwa kijiko. Ikimalizika aseme, tutagawana tena." Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuwa akifika nyuma.

Njia ya kwenda kwa jirani ilipita mbele ya kachumba ka makaa. Nadhani umeshaelewa. Niliingia. Nililijaza birika la chai, likapata kama vikombe vinne. Yaliyobaki niliyamimina kwenye beseni la kufulia la Bibi, juu ya gamba, yakatosha kulifunika sawasawa, kama yaliyopimwa. Kisha nikaenda nyuma na birika mkononi nikamwambia yule mwanamke: "Bibi anasema hii ndiyo ya mwisho. Hakuna ingine." Alilipokea kwa mikono miwili. Alipiga goti, rafiki yangu, mbele ya mtoto wa miaka kumi na mmoja. "Muko mumetupa maji yenu ya mwisho," alisema. "Merci. Merci."

Bibi akaniuliza, "Amepokea?" Nikasema amepokea. "Amesema nini?" Nikasema amesema asante. Yote mawili yalikuwa kweli.

Ningeweza kusubiri. Hilo ndilo nililolitafuna miaka yote hii. Gamba lile lilikuwa limekaa zaidi ya miaka ishirini juani na mvuani. Lingeweza kunisubiri siku tatu, hata mwezi. Hapakuwa na mtu wa kuninyang'anya. Nilitaka tu.

Na afishi zilitoka vizuri, laiti zisingetoka. Nyingine zilinichanikia, lakini ishirini na tatu zilitoka nzima, moja baada ya nyingine, siku ile na siku ya pili: mapanga ya Kichina, farasi wa Kiitaliano, Mhindi mwenye masharubu analia juu ya kaburi. Nilikuwa nikipiga mluzi, jambo ambalo Bibi alinikataza kwa sababu msichana akipiga mluzi anaita nyoka. Nilipofika chini kabisa nilipunguza pumzi, nikaiondoa iliyomfunika. Mzee wa Gundi hakuwa mwongo. Mwanamke alikuwa amenyanyua mkono mmoja, njuga miguuni, na wekundu wa nguo yake ulikuwa kama ulichapwa asubuhi ile. Nililia kwa furaha. Kutoka chumba cha nyuma mtoto hakuwa akilia tena, nami nikamshukuru Mungu kwa utulivu ule.

Alikufa siku ya tatu mchana. Mji ulipofunguliwa wanaume wa mtaa walimchukua kwenye kisanduku kidogo, na wanawake walikaa uani kwetu kwenye mikeka, Waislamu na Wakristo, kama ilivyokuwa desturi ya Buyenzi hata siku zile mbaya. Bibi alikuwa akimimina chai. Ndipo yule mwanamke akainuka, macho makavu, akasema mbele ya wote:

"Mi nataka watu wote wajue. Hii nyumba ilinipa maji ya mwisho. Birika muzima. Ata ndugu yangu wa tumbo moja hangefanya vile."

Bibi aliacha kumimina. "Birika?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ego, Mama. Birika ya chai, imejaa."

Bibi aligeuza kichwa akanitazama. Sikupata kuona tena macho ya namna ile kwa mtu anayenipenda. Kisha akaendelea kumimina chai.

Hakunipiga. Wanawake walipoondoka aliburuta miguu yake mpaka kwenye kachumba ka makaa. Aliona beseni, ukoko mweupe wa gundi umekaukia pembeni, akaona kamba na zile ishirini na tatu mpya. Alisimama muda mrefu mbele ya yule mwanamke mwekundu. Nilisubiri aipasue, ningeshukuru. Akaenda jikoni, akapika uji wa unga wa muhogo, sufuria nzima, chakula chetu cha jioni, akanikabidhi na brashi ya kupakia chokaa.

"Kile chumba cha jirani kinaingiza upepo," alisema. "Utabandika zote. Sura zitazame matofali. We utatazama migongo yao."

Nikasema, nikilia, kwamba nitakwenda kwanza kumwambia jirani ukweli, nimwombe msamaha. Hapo ndipo aliponishika sikio, si kwa nguvu. "Ukimwambia, ni roho yako itapoa, si yake. Amebaki na kitu kimoja tu: anaamini kuko watu wazuri. Unataka kumwibia na hiyo? Nyamaza. Mzigo wako ubebe wewe."

Nilibandika afishi arobaini na moja kwenye matofali yale, nyuso zikiwa ndani, migongo nje. Chumba kikawa cheupe, kikapata mwanga ambao hakikuwahi kuwa nao. Yule mwanamke alisimama mlangoni, kitambaa cha mtoto bado begani, na kwa kila karatasi niliyoipapasa kutoka katikati kwenda pembeni alisema, "Merci, mwanangu." Mwanamke mwekundu nilimbandika mwisho, nyuma ya mlango.

Unaweza kuniambia kwamba mtoto angekufa tu, kwamba wengi walikufa wakiwa na mabidoni matatu ya maji kando ya kitanda. Nimeshajiambia. Maneno hayo ni kweli na hayana kazi.

Vita viliendelea miaka mingi baada ya hapo, lakini kwangu vilikuwa hivi: kila tulipokutana na yule mwanamke mbele za watu, sokoni, kwenye harusi, kwenye foleni ya robine, alinishika bega akawaambia, "Huyu ndiye aliniletea maji." Watu walinisifu. Mume wake alirudi, akiwa amekonda kama ufito, wakapata mtoto mwingine wa kike, na akampa jina langu. Mkristo wa Kinama kumpa mwanawe jina la Kiislamu! Ndugu zake walinuna, yeye akashikilia. Kwetu mtu mkichangia jina ni somo yako, na somo ana haki zake: nilimshonea gauni la kwanza, nikamnunulia sare ya shule, nikamfunza kusoma. Alikuwa mtoto mzuri ajabu. Alikuwa akinisubiri mlangoni, na kila alipocheka nilitazama meno yake ya chini.

Bibi alipokuwa anakufa aliniita karibu. Nilidhani ataniachia dua. "Umemwambia?" akauliza. Nikasema, "Sijamwambia." "Vizuri," akasema, na hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho duniani.

Sasa nirudi kwenye harusi ya Kajaga, maana kicheko kile hakikuniacha. Bibi hayupo, nikawaza, na mimi nimechoka. Jumapili iliyofuata nilikwenda Kinama, ambako yule mwanamke alirudi zamani na kujenga. Somo yangu, ambaye sasa ni mwalimu na bado anaishi na mama yake, alikuwa jikoni. Yule mama alikuwa kibarazani anachambua maharage kwenye ungo. Nikakaa, nikamwambia nina neno, nikaanza. Nilianza na ubao. Nikasema kibidoni kilikuwa cha lita tano. Nikasema nilijaza birika. Hakuacha kuchambua. Nikasema maji yaliyobaki niliyamimina kwenye beseni.

"Ilikuwa ya bulu," alisema.

Beseni la Bibi lilikuwa la bluu. Sikuwa nimetaja rangi.

"Mi nilikuja kuomba ingine, ata kama ulisema imekwisha," alisema. "Mutoto alikuwa anaramba kopo yenye haina kitu. Nikafika ku mulango ya kale kachumba. Nikakuona. Ile maji ilikuwa nyeupe, imejaa gundi. Na we ulikuwa unapiga muluzi."

Nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele, kwa nini hakumwambia Bibi.

"Mi nilikuwa mukimbizi. Mukimbizi akisema, 'Mutoto wenu ameniibia,' na wakimufukuza, anaenda wapi? Inje walikuwa wanaua watu." Akatupa kijiwe. "Mukimbizi anasema merci."

"Na ile siku ya msiba? Ulipotaja birika?"

"Bibi yako alikuwa mutu wa haki. Nilitaka ajue, na mi nisiwe nimesema."

"Lakini baadaye, Mama. Vita vilikwisha. Miaka yote hii ukinishukuru mbele za watu."

"Nilikuwa nimeshazoea." Alinitazama kwa mara ya kwanza, bila chuki, kama anavyotazama maharage. "Na nikaona inakuuma kupita fimbo. Ningekupiga, ungesahau."

Niliuliza, na jina je, kwa nini alimpa mwanawe jina langu.

"Nilitaka nione kama ile jina inaweza kukaa ku mutu muzuri," alisema. Akapuliza makapi. "Inaweza."

Nilitazama barabara ya Kinama, watoto wamekodolea simu moja vichwa saba. Sinema ya mjini siku hizi inauza magodoro. Pale palipokuwa na ubao wamejenga choo cha kulipia. Kile chumba cha nyuma kilipigwa lipu ya saruji juu ya karatasi, kisha kikabomolewa, na fundi aliyekibomoa aliniambia hakuona picha yoyote, aliona takataka za mchwa. Mafundi wa mabati wamehamishwa, mandazi ya Bibi hakuna anayeyajua, na katika watu walioniita kwa upendo utotoni hakuwa amebaki hata mmoja. Nilidhani nimeshamaliza kupoteza.

Yule mama akaweka ungo chini, akageukia mlangoni, akaita jina. Alikuwa anataka maji ya kuoshea maharage. Sote wawili, somo yangu jikoni na mimi kibarazani, tukaitika kwa pamoja: "Labeka!"

"Apana we," akaniambia.

Nikafunga mdomo, nikamwacha mwenye jina aje na maji.